Ergosteroli: Mhimili wa utando wa seli ya hamira

KATIKA duka lolote la rejareja nchini, kuanzia Lamu hadi Busia, hamira kavu huuzwa katika vipakiti vidogo. Chembe zile za rangi ya kahawia iliyofifia huonekana kama mchanga usio na uhai, na aghalabu hukaa rafuni miezi mingi kabla ya kununuliwa. Lakini mpishi wa mahamri akizitia katika maji vuguvugu yenye sukari kidogo, haupiti muda mrefu kabla ya povu kutokea. Kilichodhaniwa kimekufa kimeamka.

Kuamka huko si jambo jepesi. Seli iliyokaushwa hupoteza karibu maji yake yote, ikanywea na ngozi yake ikakunjamana. Maji yanaporudi, ngozi hiyo hulazimika kukunjuka na kutanuka kwa ghafla pasipo kupasuka. Seli za wanyama zikitendewa hivyo hufa. Hamira huvumilia, na miongoni mwa vitu vinavyoiwezesha kuvumilia ni molekuli moja ya jamii ya mafuta iitwayo ergosteroli.

Molekuli iyo hiyo ndiyo inayolengwa na dawa nyingi za kutibu maradhi ya kuvu, tangu matone ya nistatini anayopewa mama kliniki mtoto wake anapoota utando mweupe mdomoni, hadi dawa inayotiwa mshipani kwa mgonjwa wa Ukimwi ambaye ubongo wake umevamiwa na kuvu. Anayetaka kufahamu kwa nini dawa hizo hutibu, kwa nini baadhi yake huumiza figo na kwa nini nyingine zimeanza kushindwa, hana budi kuanza na utando wa seli ya hamira.

Safu mbili za mafuta

Hamira ni kiumbe wa seli moja kutoka jamii ya kuvu, na jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Seli zake ni ndogo kiasi kwamba takriban 200 zikipangwa kwa mstari hutimiza urefu wa milimita moja. Nje ya kila seli pana ukuta mgumu uliojengwa kwa sukari changamano. Ukuta huo huipa seli umbo. Ndani ya ukuta ndipo ulipo utando, na utando huo ndio mlinda mlango halisi, kwani ndio unaoamua nini kiingie na nini kitoke.

Utando wenyewe ni mwembamba mno. Umejengwa kwa mafuta yenye fosforasi ambayo kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Mafuta hayo hujipanga yenyewe katika safu mbili, vichwa vikielekea kwenye maji ya nje na ya ndani, mikia ikitazamana katikati. Protini za aina nyingi hupenya safu hizo, baadhi zikiwa pampu na nyingine zikiwa malango ya kupitishia chakula.

Lau utando ungekuwa na mafuta hayo peke yake, seli ingetatizika. Mikia iliyonyooka hushikana penye baridi, na utando ukaganda kama samli asubuhi ya Limuru. Penye joto mikia hiyo huachana, utando ukawa majimaji na kuanza kuvuja. Seli huhitaji kitu cha kuuzuia utando usielekee upande wowote kati ya hizo mbili. Kazi hiyo hufanywa na steroli.

Steroli ina bapa gumu lililoundwa kwa pete nne za kaboni zilizoungana. Upande mmoja wa bapa pana kijimkia, na upande wa pili pana kikundi cha oksijeni na hidrojeni. Kikundi hicho hupenda maji, hivyo basi hukaa karibu na vichwa vya mafuta, huku bapa likijichomeka katikati ya mikia. Kwa kuwa bapa halipindi, mikia iliyo jirani nalo hulazimika kunyooka na kusongamana. Utando huwa mnene kidogo, imara zaidi, na mgumu kupenywa na maji au chumvi. Wakati uo huo, bapa huizuia mikia kushikana kabisa. Matokeo yake ni hali ya katikati: molekuli zimejipanga kwa utaratibu karibu na ule wa kitu kigumu, lakini bado zinateleza na kupitana kama katika kimiminika.

Wengine hupenda kulinganisha steroli na fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Mfano huo unafaa nusu tu, kwa sababu fito zikishafungwa hazihami, ilhali steroli husafiri ndani ya utando kila wakati.

Si viumbe wote wanaotumia steroli moja. Wanyama, binadamu akiwemo, hutumia kolesteroli, ambayo wengi huijua kwa ubaya wake katika mishipa ya moyo ingawa hakuna seli ya mwili wetu inayoweza kuishi bila hiyo. Mimea ina steroli zake. Kuvu nyingi hutumia ergosteroli, iliyopata jina kutokana na ergoti, kuvu inayoshambulia nafaka ya rai barani Ulaya. Ni kutoka katika ergoti ambapo Mfaransa Charles Tanret aliitenga mara ya kwanza mwaka wa 1889.

Ukizichora steroli hizo mbili kandokando, utadhani ni mapacha. Kolesteroli ina kaboni 27, ergosteroli ina 28. Kaboni hiyo ya ziada iko mkiani. Isitoshe, ergosteroli ina viungo maradufu viwili ambavyo kolesteroli haina, kimoja katika pete na kingine mkiani. Basi. Tofauti hizo chache ndizo zote ambazo dawa za kuvu zimepewa kuzitumia ili kumtambua adui ndani ya mwili wa mgonjwa.

Kiungo kile cha ziada katika pete kina tabia nyingine inayofaa kutajwa japo kwa kupita. Kikipigwa na miali ya jua isiyoonekana kwa macho, pete moja hufunguka na ergosteroli hatimaye hugeuka kuwa vitamini D2. Ndiyo sababu uyoga ulioanikwa juani huwa na vitamini hiyo kwa wingi kuliko uliokaushwa gizani. Mjerumani Adolf Windaus alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka wa 1928 kwa uchunguzi wake wa steroli na uhusiano wake na vitamini.

Gharama ya oksijeni

Ergosteroli haipatikani kwa urahisi. Seli huanza na vipande vya kaboni mbili mbili, ikaviunganisha hatua kwa hatua hadi ikapata skwaleni, mnyororo wa kaboni 30 ambao pia hupatikana kwa wingi katika ini la papa. Kimeng'enya kimoja huubandika mnyororo huo oksijeni, kingine kikaukunja ukawa na pete nne. Hiyo ndiyo lanosteroli, steroli ya kwanza katika safari hii. Kuanzia hapo vimeng'enya vingine hukata kaboni tatu, huongeza moja, na kuhamisha viungo maradufu kutoka mahali hadi mahali. Mpangilio wa mwanzo wa kazi hii, ambao hamira na binadamu huushiriki, ulifumbuliwa kwa sehemu kubwa na Konrad Bloch na Feodor Lynen, waliopewa Nobel ya tiba mwaka wa 1964.

Jeni za hamira zinazosimamia kazi hiyo nyingi zimepewa jina la ERG na nambari. Msomaji atakutana na tatu hapa chini: ERG11 inayosafisha lanosteroli, ERG6 inayoongeza ile kaboni ya mkiani, na ERG3 inayoweka kiungo maradufu katika pete.

Molekuli moja ya ergosteroli hugharimu molekuli 12 za oksijeni. Jambo hili lina matokeo ambayo watengenezaji wa vileo huyajua vyema. Hamira inasifika kwa kuweza kuishi pasipo hewa, ikigeuza sukari kuwa pombe na gesi. Lakini mwaka wa 1953, watafiti Andreasen na Stier wa Marekani walionyesha kwamba hamira ikinyimwa oksijeni kabisa, haiendelei kuzaana mpaka itiliwe ergosteroli katika chakula chake. Mwaka uliofuata wakaongeza kwamba huhitaji pia asidi za mafuta zenye viungo maradufu, kwa sababu hizo nazo haziundiki bila oksijeni. Kwa maneno mengine, hamira yaweza kupata nguvu bila hewa, lakini haiwezi kujijengea utando mpya bila hewa.

Hiyo ndiyo sababu viwanda vya bia hupuliza hewa katika maji ya kimea kabla uchachushaji haujaanza. Hamira hujiwekea akiba ya steroli, kisha kila seli inapozaa, akiba hugawanywa kati ya mama na binti. Akiba ikipungua mno ilhali pombe inazidi kuongezeka, mambo huharibika. Pombe hujipenyeza katika utando na kuuvuruga mpangilio wa mikia, na utando usio na steroli ya kutosha hushindwa kuustahimili uvurugaji huo. Uchachushaji hukwama sukari ingali imebaki. Mgema wa Kilifi hana haja ya pampu ya hewa, kwani tembo lake hutona tone kwa tone katika chombo kilicho wazi.

Hamira pia ni bahili kwa namna ya ajabu. Penye hewa, hukataa kupokea steroli kutoka nje hata ikimwagiwa tele. Penye ukosefu wa hewa, hufungua malango maalumu ya kuiingizia. Protini iitwayo Upc2 ndiyo inayopima hali. Ergosteroli ikiwa ya kutosha, hujishikiza kwenye protini hiyo na kuiweka nje ya kiini cha seli. Ikipungua, Upc2 huachiliwa, huingia katika kiini na kuziamsha jeni za kutengeneza steroli na za kuipokea.

Jaribio la Dijon

Turejee sasa katika kipakiti cha hamira. Mjini Dijon, Ufaransa, kundi la watafiti akiwemo Sébastien Dupont, Laurent Beney na Patrick Gervais lilijiuliza swali ambalo mtu angedhani lilijibiwa zamani: je, ni muhimu steroli iwe ergosteroli hasa, au steroli yoyote yatosha?

Walichukua hamira ya kawaida na nyingine iliyoondolewa jeni ya ERG6. Hii ya pili haifi. Huendelea kukua, lakini utando wake hujaa steroli za njiani, yaani zile ambazo hazijafikia mwisho wa safari na hazina ile kaboni ya 28. Kisha wakazitia hamira zote mbili katika kimiminika kizito kinachonyonya maji kutoka kwenye seli, na baadaye wakazirudishia maji.

Seli za kawaida zilinywea na kurudi. Zile zisizo na ERG6 zilidhurika zaidi. Utando wao ulibadilika umbo vibaya wakati wa kunywea, ukashindwa kustahimili kuvutwa wakati wa kutanuka, na mwishowe ukawa unavuja. Haukuwa na unyumbufu wa kutosha kufuata mabadiliko ya ukubwa wa seli.

Hata hivyo, mtu aweza kudai kwamba kukosa jeni huidhoofisha seli kwa njia nyingi, na kwamba steroli imesingiziwa tu. Hapo ndipo ubahili wa hamira ulipowafaa. Waliikuza hamira isiyo na ERG6 pasipo hewa, ili ifungue malango yake, wakaipa ergosteroli iliyo tayari. Jeni bado haikuwepo, lakini steroli sahihi sasa ilikuwemo katika utando. Ustahimilivu ulirudi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni mojawapo ya majaribio safi zaidi katika taaluma nzima ya tando za seli, kwa sababu linaacha nafasi ndogo sana ya kubishana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2011.

Mwaka wa 2012 kundi hilo lilikwenda mbele zaidi na kupendekeza kwamba huenda safari ndefu ya kutengeneza ergosteroli ilikua hatua kwa hatua kadiri kuvu zilivyohamia nchi kavu, ambako mvua na jua hubadilishana na seli hukauka na kulowa mara kwa mara. Waliweka alama ya kuuliza katika kichwa cha makala yao, na walifanya vyema, kwa kuwa mambo ya mamilioni ya miaka iliyopita hayathibitishwi kwa chupa za maabara.

Ni haki kusema pia kwamba ergosteroli haifanyi kazi hiyo peke yake. Hamira inayojiandaa kwa dhiki hulimbikiza sukari iitwayo trehalosi, ambayo hulinda utando na protini wakati maji yanapotoweka. Halijoto ya maji nayo ina uzito wake. Hamira kavu ikitiwa katika maji baridi, mafuta ya utando huwa bado yameshikana wakati maji yanapoingia kwa kasi, na vilivyomo ndani huvuja. Ndiyo maana maagizo kwenye vipakiti hutaka maji yawe vuguvugu.

Je, kolesteroli yaweza kuchukua nafasi ya ergosteroli katika hamira? Swali hili limejibiwa kwa njia mbili. Katika miaka ya 1980, Leo Parks na wenzake nchini Marekani waliona kwamba hamira isiyoweza kujitengenezea steroli hukubali kutumia kolesteroli kwa sehemu kubwa ya utando wake, mradi tu ipewe pia chembe ndogo mno ya ergosteroli. Kiasi hicho kilikuwa kidogo kiasi kwamba hakingeweza kubadilisha ugumu wa utando wote. Kilihitajika kama cheche ya kuiwasha seli ianze kuzaana. Hivyo basi steroli ina kazi mbili tofauti: kujaza utando kwa wingi wake, na kutoa ishara kwa umbo lake.

Baadaye, mwaka wa 2011, maabara ya Howard Riezman mjini Geneva, Uswisi, ilibuni hamira ambayo hutengeneza kolesteroli badala ya ergosteroli baada ya kupandikizwa jeni za wanyama. Hamira hiyo iliishi, na iliweza kuingiza ndani asidi-amino ya triptofani, kazi ambayo huishinda hamira yenye steroli za njiani. Lakini ilidhoofika mbele ya asidi nyepesi za aina inayotumiwa kuhifadhi vyakula.

Utando wenyewe si sare kila mahali. Steroli hupenda kukaa pamoja na mafuta yenye mikia mirefu iliyonyooka, na pamoja huunda viraka vizito kuliko maeneo jirani. Kwa kawaida viraka hivyo ni vidogo mno kuonekana. Lakini hamira ikikosa chakula, utando wa kijifuko kikubwa kilichomo ndani yake hugawanyika waziwazi katika maeneo mawili, na chini ya darubini huonekana kama mpira wa kandanda wenye viraka. Alexandre Toulmay na William Prinz walieleza mwaka wa 2013 kwamba viraka hivyo vina tabia ya ule umajimaji wenye utaratibu uliotajwa hapo juu. Wengine wameonyesha kwamba ni kupitia humo ambapo seli yenye njaa humeza matone ya mafuta iliyoyaweka akiba.

Dawa zilizotoka udongoni

Mwaka wa 1950, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, wanasayansi wa idara ya afya ya jimbo la New York, walitangaza dawa waliyoipata kutoka kwa bakteria wa udongoni. Hazen alikuwa jijini New York na Brown mjini Albany, nao walitumiana sampuli kwa posta. Bakteria mwenyewe alitoka katika shamba la marafiki wa Hazen huko Virginia. Dawa ikaitwa nistatini, kwa heshima ya jimbo lao. Miaka michache baadaye udongo wa eneo la mto Orinoco, Venezuela, ukatoa ndugu yake mwenye nguvu zaidi, amfoterisini B.

Dawa zote mbili hushika steroli. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba amfoterisini hutoboa matundu katika utando, na ni kweli kwamba hutoboa. Lakini mwaka wa 2014 kundi la Martin Burke katika Chuo Kikuu cha Illinois lilionyesha kwamba matundu si kiini cha jambo. Molekuli za dawa hukusanyika nje ya utando kama sifongo na kuifyonza ergosteroli kutoka ndani yake. Seli hufa kwa kunyang'anywa steroli, na kwa kuyasoma yaliyotangulia, msomaji hatashangaa.

Tatizo ni kwamba sifongo hiyo hufyonza pia kolesteroli, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Wauguzi waliowahi kuitia dawa hiyo mshipani wanajua yanayofuata: mgonjwa hutetemeka kwa homa, damu hupungua, na figo huathirika.

Kundi la pili la dawa, ambamo flukonazoli ndiyo mashuhuri zaidi, haliigusi ergosteroli yenyewe bali huzuia isitengenezwe. Hukifunga kimeng'enya cha ERG11. Lanosteroli na ndugu zake hubaki na kaboni iliyostahili kukatwa, ikiwa imechomoza kwenye bapa kama msumari uliosahaulika kwenye ubao. Bapa la namna hiyo halikai vizuri baina ya mikia. Mbaya zaidi kwa kuvu, kimeng'enya cha ERG3 huendelea kuzishughulikia steroli hizo zenye kasoro na kuzigeuza kuwa sumu. Flukonazoli humezwa kama kidonge na haina madhara makali, lakini kwa kawaida husimamisha ukuaji wa kuvu bila kuiua. Kuna pia tabinafini, inayotumiwa kutibu choa, ambayo huikatiza safari mapema zaidi penye skwaleni.

Umuhimu wa tofauti kati ya kuua na kusimamisha huonekana katika maradhi ya Cryptococcus neoformans, kuvu ya jamii ya hamira ambayo huishi katika udongo na kinyesi cha njiwa. Huingia kwa pumzi, na kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka kutokana na virusi vya Ukimwi huweza kufika katika ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha takriban wagonjwa 152,000 wa aina hiyo na vifo 112,000 duniani kwa mwaka, wengi wao barani Afrika kusini mwa Sahara. Ubongo uliovamiwa hauwezi kuisubiri dawa inayosimamisha tu.

Kwa miaka mingi amfoterisini ilihitaji kutiwa mshipani siku baada ya siku, huku damu ya mgonjwa ikipimwa mara kwa mara, jambo gumu katika hospitali zenye upungufu wa vifaa. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2022, ulijaribu njia nyingine. Wagonjwa walipewa dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vijifuko vya mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Kufikia wiki ya kumi, asilimia 24.8 ya wagonjwa hao walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 28.7 ya waliopata matibabu ya kawaida, na madhara yalikuwa machache zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo mwaka uo huo. Vifo hivyo bado ni vingi, na ni vyema isisahaulike kwamba hiyo ndiyo hali ya wagonjwa waliotunzwa kwa uangalifu ndani ya utafiti.

Bei ya ukaidi

Kuvu nazo hujifunza. Nyingine hubadilisha umbo la kimeng'enya cha ERG11 ili flukonazoli isikipate. Nyingine huongeza pampu za kuitupa dawa nje. Nyingine huizima ERG3, hivyo ile sumu haitengenezwi, na seli huvumilia kuishi na steroli duni.

Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka wa 2009 kutoka katika sikio la mgonjwa, ni mfano unaotisha. Sehemu kubwa ya sampuli zake zilizopimwa katika mataifa mbalimbali haisikii flukonazoli, na baadhi hukaidi makundi yote makuu ya dawa. Kuvu hii imeripotiwa nchini Kenya pia, na hushikilia katika vyumba vya wagonjwa mahututi hata baada ya usafi wa kawaida. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika daraja la juu kabisa la orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, pamoja na Cryptococcus neoformans.

Kinyume chake, ukaidi dhidi ya amfoterisini umebaki kuwa nadra kwa kuvu nyingi, ingawa dawa hiyo imetumika tangu miaka ya 1950. Mwaka wa 2013 kundi la marehemu Susan Lindquist nchini Marekani lilieleza sababu yake. Waliichunguza Candida albicans iliyoiepuka dawa kwa kuacha kutengeneza ergosteroli. Katika chupa ya maabara iliishi. Lakini ilishindwa kustahimili joto la homa, ikauawa kwa urahisi na chembe nyeupe za damu, na haikuweza kupenya ndani ya nyama za mwili. Kuvu iliyoitupa ergosteroli ilikuwa imetupa pia kile kilichoiwezesha kumdhuru mgonjwa.

Uchunguzi huo ulizidisha hamu ya kuitengeneza upya amfoterisini badala ya kuiacha. Mwaka wa 2023 kundi la Burke na washirika wake walichapisha katika jarida la Nature habari za molekuli mpya waliyoiita AM-2-19, ambayo huifyonza ergosteroli kwa haraka na kuiacha kolesteroli. Katika panya iliangamiza kuvu bila kuathiri figo, na seli za figo za binadamu zilizokuzwa maabarani hazikudhurika.